Distempa au Kichaa cha Mbwa? Namna Maabara Inavyoamua

Katika vijiji vya Kata ya Ndalambo, Wilaya ya Momba, mbwa ni mlinzi wa nyumba, mifugo na shamba. Anapoanza kuyumba, kutetemeka na kutafuna ovyo huku akitoa povu, wengi husema ana kichaa cha mbwa. Huenda ikawa kweli. Huenda pia ikawa distempa, ugonjwa wa virusi unaofanana nacho kwa dalili hizo, lakini usioambukiza binadamu. Macho pekee hayatoshi kuutofautisha. Uthibitisho hutoka maabara.

Ugonjwa wenyewe

Virusi vya distempa ni ndugu wa virusi vya surua na vya sotoka ya ng'ombe. Huenea kwa hewa na majimaji ya mbwa mgonjwa. Mbwa hupata homa, hutokwa uchafu machoni na puani, hukohoa na kuharisha; baadhi nyayo zao hukakamaa. Baadaye virusi hushambulia ubongo, na hapo ndipo mtetemeko na degedege huanza.

Sampuli

Kwa mbwa aliye hai, mtaalamu wa mifugo huchukua damu, mkojo na majimaji ya macho na pua kwa pamba maalumu. Kwa mzoga, huchukuliwa vipande vya mapafu, bandama, kibofu na ubongo. Sehemu moja husafirishwa kwenye barafu. Nyingine huhifadhiwa ndani ya formalini ya asilimia 10. Sampuli iliyooza hupunguza uwezekano wa kupata jibu sahihi.

Vipimo vinavyotumika

1. Darubini. Tishu hukatwa vipande vyembamba na kutiwa rangi. Ndani ya seli zilizoambukizwa huonekana vidoa vinavyoashiria virusi. Hata hivyo, kutoviona si uthibitisho kwamba mbwa hakuugua.

2. Kingamwili zenye rangi ing'aayo. Hizi hunata kwenye virusi na kung'aa chini ya darubini maalumu. Kwa seli za utando wa jicho, kipimo hiki hufaa zaidi katika wiki za mwanzo za ugonjwa.

3. Kipimo cha PCR. Hutafuta vinasaba vya virusi na huweza kugundua kiasi kidogo sana. Kwa kuwa chanjo hai nayo ina virusi vilivyodhoofishwa, maabara lazima ielezwe tarehe ambayo mbwa alichanjwa.

4. Kingamwili katika damu. Kingamwili aina ya IgM huashiria maambukizi au chanjo ya karibuni. Zile za IgG huweza kutokana na ugonjwa wa zamani, chanjo au maziwa ya mama. Hivyo damu hupimwa mara mbili, kwa kupishana wiki kadhaa, ili kuona kama kiwango kimepanda.

Funzo la Serengeti

Mwaka 1994 distempa iliua takribani theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijiji vya jirani walihesabiwa kuwa chanzo chenye uwezekano mkubwa. Uchunguzi wa damu iliyokuwa imehifadhiwa ulionyesha kwamba simba hao waliwahi kupata virusi hivyo miaka ya nyuma bila vifo vingi. Safari hiyo, baada ya ukame, walikuwa pia na vimelea vingi vya damu vinavyoenezwa na kupe. Hivyo, kipimo kimoja hakielezi kila kifo. Majibu husomwa pamoja na historia ya mnyama.

Wajibu wa mfugaji

Mbwa mwenye dalili hizi atengwe, na afisa mifugo wa kata aarifiwe mapema ili aelekeze namna ya kufikisha sampuli katika Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Mbwa asipigwe kichwani, kwa kuwa kichaa cha mbwa huthibitishwa kwa kupima ubongo. Mzoga usiguswe kwa mikono mitupu.

Aliyeumwa asisubiri majibu ya maabara. Aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Distempa haina dawa ya kuua virusi vyake, bali ina chanjo. Na chanjo ya kichaa cha mbwa haikingi distempa. Kila moja hutolewa kwa nafasi yake.