Kiingilio sicho kinachokula pesa

Familia ya Kahama au Katoro ikianza kupanga likizo ya Juni, watoto hutaja kwanza walichokiona kwenye simu: mabwawa na mabomba ya kuteleza ya Kunduchi, Dar es Salaam. Si wazo baya. Ila kutoka Shinyanga hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 1,000. Ukijumlisha nauli ya watu watano kwenda na kurudi, chakula cha njiani na vyumba vya kulala, siku moja ya kuteleza majini inabeba gharama ya wiki nzima. Anayetaka kubana matumizi aanze hapo: apunguze kilomita na idadi ya usiku wa kulala nje, kabla hajaanza kulalamikia bei ya kiingilio.

Kwa Mtanzania, kiingilio ndicho kitu chepesi kuliko vyote katika safari. Chukua Serengeti, ambayo wengi huiogopa kwa jina tu. Kwa miaka ya karibuni raia wa Afrika Mashariki mtu mzima amekuwa akilipa shilingi 10,000, mtoto wa miaka 5 hadi 15 shilingi 2,000, kabla ya VAT ya asilimia 18. Wa chini ya miaka 5 halipi. Kwa hiyo baba, mama na watoto wa miaka 12, 8 na 4 wanaingia kwa shilingi 28,320, VAT ikiwemo. Kuna familia zinazotumia zaidi ya hapo kwa soda na chipsi za Jumapili moja. Mgeni wa ng'ambo hulipa kwa dola, tena makumi ya dola kwa kichwa, ndiyo maana utaombwa kitambulisho. Beba cha NIDA, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, hasa yule mwenye miaka 14 aliyekuzidi kimo. Usitegemee noti mfukoni: malipo ya hifadhi za TANAPA hufanywa kwa namba ya malipo, kupitia benki au simu, au kwa kadi. Kabla ya kuondoka, thibitisha viwango vya mwaka huo.

Mtu wa Shinyanga au Geita hana haja ya kuzungukia Arusha. Lango la Ndabaka liko kandokando ya barabara ya Mwanza–Musoma, ukishapita Lamadi. Gharama halisi ni gari la kuzungukia hifadhini, na gari ni lilelile likibeba wawili au saba. Familia mbili zikichanga, bei kwa kila mtu inashuka sana. Juni pia ni wakati ambao makundi ya nyumbu mara nyingi huwa yamefika ukanda huu wa magharibi, na mvua za masika zimeshakata. Hilo la mvua lisichukuliwe kimzaha. Ardhi ya upande huo ni udongo mweusi wa mbuga, na ukilowa, pesa uliyookoa kwa kukodi gari dogo utawalipa watu wa kulisukuma.

Ila kama watoto ni wadogo, mimi ningeiacha Serengeti kwanza. Mtoto wa miaka 6 hana subira ya kukaa garini kutwa akingoja simba. Mpeleke Mwanza, kisiwa cha Saanane. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 2 na ushei, hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini, na boti kutoka Capri Point hufika kwa dakika chache. Pale palianzishwa bustani ya wanyama mwaka 1964, pakawa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Watoto wanatembea kwa miguu, wanapanda majabali, wanaona swala, pundamilia na mijusi yenye vichwa vyekundu, kisha mnakula mlichobeba huku mkitazama ziwa. Jioni mko stendi. Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, hata familia ya Geita mjini inaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo bila kuhesabu foleni ya kivuko, na usiku mmoja wa gesti unaobaki mfukoni ni akiba kubwa kuliko punguzo lolote la tiketi.

Mkiamua kulala, ongezeni Bujora, pale Kisesa, umbali wa daladala kutoka mjini. Makumbusho hayo ya Wasukuma yalianzishwa na padri Mkanada, David Clement, miaka ya 1950. Kuna nyumba za msonge, ngoma za watemi, na kanisa lililojengwa kwa umbo la nyumba ya Kisukuma. Mwezi Juni, karibu na sikukuu ya Ekaristi, huwa kuna tamasha la Bulabo, ambapo vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana kucheza, wengine wakiwa na chatu mabegani. Mtoto wa Kisukuma aliyezaliwa Dar na kuletwa kwa babu likizo atalikumbuka hilo kuliko bembea yoyote ya umeme.

Rubondo ni ya wale wanaoweza kusubiri na kuchanga. Kisiwa kiko mkoa wa Geita wenyewe, hifadhi tangu 1977, kina tembo, twiga na sokwe waliotokana na wale 17 walioletwa kutoka Ulaya miaka ya 1960. Boti ndiyo yenye bei, kwa hiyo piga simu mapema, ulizia Kasenda, jirani na Muganza wilayani Chato, na uungane na kundi jingine.

Chakula kibebwe kutoka nyumbani. Usukumani tuna michembe na matobolwa ya viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, vitu visivyochacha wala kuhitaji jokofu. Ongeza mayai ya kuchemsha na dumu la maji. Gesti uliza bei ya chumba pamoja na godoro la ziada, maana vyumba viwili kwa watoto wanaolala pamoja nyumbani ni hasara ya bure. Tiketi ya basi ikatwe ofisini kwa kampuni, si kwa mpiga debe, na ya kurudi ilipwe mapema. Hili la mwisho ni la wenzetu wa machimboni hasa: pesa ya duara, yaani shimo la dhahabu, haina ratiba, na huisha jinsi ilivyokuja. Siku inapoingia, kabla ya mambo mengine, lipa nauli za pande zote mbili na chumba. Mkulima wa pamba afanye vivyo hivyo akishalipwa.

Kuna mahali pa kutobana. Ajali ya kivuko cha MV Nyerere Ziwa Victoria, Septemba 2018, iliua zaidi ya watu 200, na chombo kilikuwa kimejaza kupita kiasi. Boti ikijaa, shukeni. Jaketi okozi la mtu mzima humponyoka mtoto, ombeni la saizi yake. Wala msiwaache waogelee ziwani kwa sababu ni bure: kuna kichocho, na sehemu nyingine kuna mamba. Aliyekwishaingia majini apelekwe zahanati akapimwe mkojo na choo wiki kadhaa baadaye, hata kama haumwi chochote.