Vipimo Havikuonyesha Kasoro: Maisha ya Nyumbani Mtoto Asipopatikana



Mwezi huu mhariri ametuomba sisi, mume na mke, tuandike ukurasa wa afya. Mmoja wetu ni muuguzi, mwingine ni mwalimu wa shule ya msingi. Tumefunga ndoa miaka tisa iliyopita na hatujapata mtoto. Tumepimwa yote yaliyowezekana katika hospitali tulizoweza kufika, na jibu limekuwa lile lile: hakuna kasoro iliyoonekana. Waganga wanauita ugumba usio na sababu inayojulikana. Tumeomba majina yetu yasiandikwe, maana wazazi wetu nao wanasoma gazeti hili, na mengine ya humu hatujawahi kuwaeleza ana kwa ana.

JIBU HILO LINA MAANA GANI?

Mume na mke husemwa kuwa na ugumba pale wanapokuwa wameishi pamoja miezi 12 au zaidi, wakikutana mara kwa mara bila kuzuia mimba, na mimba isitungwe. Jambo hili si la nadra kama tunavyodhani. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba mtu mzima 1 katika kila 6 hivi hupatwa na ugumba wakati fulani wa maisha yake. Basi hata katika jumuiya ndogo ndogo unamosali, huenda ipo nyumba inayolijua jambo hili vizuri ingawa haijawahi kulisema.

Mganga akianza uchunguzi hutafuta mambo machache. Je, mayai ya mke yanapevuka kila mwezi? Je, mirija ya uzazi iko wazi? Je, mji wa mimba una hitilafu? Na kwa mume, je, mbegu zinatosha na zinakwenda vizuri? Huku kwetu mirija iliyoziba ni sababu kubwa. Mara nyingi huziba kwa kisonono au klamidia isiyotibiwa mapema, au kwa maambukizo yaliyoingia baada ya kujifungua au mimba kuharibika.

Yote hayo yakionekana kuwa mema, na mimba bado haipatikani, ndipo hubaki lile neno "sababu haijulikani". Kati ya wenzi 100 wanaochunguzwa kwa ugumba, kama 15 hadi 30 hupewa jibu hili. Tafadhali tuelewane hapa. Kusema haijulikani si kusema haipo. Picha ya eksirei inaweza kuonyesha kwamba mrija uko wazi, lakini haiwezi kuonyesha kama mrija huo unalipokea yai na kulisafirisha inavyotakiwa. Darubini huhesabu mbegu na kuona mwendo wake, lakini kipimo hicho cha kawaida hakithibitishi kwamba mbegu itaweza kuingia ndani ya yai. Kwa hiyo karatasi yetu haisemi kwamba kosa ni la mke, wala la mume, wala kwamba tumerogwa au tuna laana ya ukoo. Inasema tu kwamba vyombo vya kupimia vimefikia mwisho wake.

Inafaa kukumbuka pia kwamba hata kwa vijana wazima wasio na tatizo lolote, mimba haitungwi kila mwezi. Nafasi yao katika mwezi mmoja ni kama 1 kati ya 4 au 5 tu. Yai likishatoka huishi saa 12 hadi 24. Mbegu za mume huweza kuishi ndani ya mwili wa mke hadi siku 5. Ndiyo sababu siku zenye uwezekano wa mimba ni kama 6 tu katika mzunguko mzima.

MUME NAYE APIMWE

Hapa tunakiri kosa letu. Miaka mitatu ya kwanza alikwenda hospitali mke peke yake. Alichomwa sindano, akapigwa picha, akanywa vidonge, na mume alikuwa akimsindikiza hadi kituo cha basi tu. Alisema ana kazi nyingi. Ukweli ni kwamba aliogopa. Lakini katika karibu nusu ya ndoa zenye ugumba, tatizo liko kwa mume, peke yake au pamoja na mkewe. Na kipimo chake ni chepesi na cha bei nafuu kuliko vyote alivyofanyiwa mke. Kingepaswa kuwa cha kwanza.

Kabla ya kipimo, mume asikutane na mkewe kwa siku 2 hadi 7. Manii yafike maabara kabla ya saa moja kupita, yakiwa yamehifadhiwa karibu na mwili yasipate baridi. Wapo wanaume Wakatoliki wanaokwama kwa sababu ya dhamiri, wakisikia namna wanavyoagizwa kuyatoa. Mwelezeni daktari bila aibu. Upo mpira maalumu usio na dawa ya kuua mbegu, unaoweza kutumika nyumbani katika tendo la ndoa. Mpira wa kawaida wa dukani haufai kwa kipimo hiki. Mashauri zaidi mtayapata kwa padre wenu.

Jambo jingine kwa akina baba: zipo sindano za homoni ya kiume ambazo watu huuziwa ili "kuongeza nguvu". Homoni hiyo ikitoka nje ya mwili hupunguza utengenezaji wa mbegu, na wengine huishiwa kabisa kwa muda. Mtu anayetafuta mtoto asiiguse.

KALENDA ILIYOTUTAWALA

Wengi wenu mlifundishwa njia ya Billings katika mafundisho ya ndoa, kwa ajili ya kupanga uzazi. Njia hiyo hiyo ya kuangalia ute husaidia kuzijua siku za kupata mimba. Sisi tuliitumia, tena kwa bidii mno. Kalenda ya jimbo iliyotundikwa chumbani ilijaa alama za penseli, nyingine juu ya sikukuu za watakatifu. Mume akiitwa semina mkoani katika siku zenye alama, nyumba nzima hukasirika. Tukikutana, tunakutana kama watu wenye zamu ya kazi. Tukagombana juu ya mambo madogo, hata juu ya sukari, na wote wawili tulijua kwamba hatugombanii sukari.

Mwishowe daktari mmoja mzee alitutuliza. Alisema wenzi wanaokutana kila baada ya siku 2 au 3 mwezi mzima hawana haja ya kusaka siku, kwani siku ile haitawapita. Tuliishusha kalenda ile. Nyingine tukaitundika sebuleni, nayo haina alama ila za mikutano ya jumuiya na siku ya mshahara.

Siku hedhi inapokuja bado ni nzito. Tulikubaliana kwamba siku hiyo mume anapika, na hakuna anayetakiwa kusema neno la hekima. Ugali wake huwa na mabuja. Tunaula hivyo hivyo.

SALAMU, MAJINA NA KRISMASI

Huku kwetu mwanamke akishajifungua huitwa kwa jina la mtoto wake: Mama Neema, Mama Deo. Asiye na mtoto hubaki na jina lake la ubatizo, au "mke wa mwalimu". Jina la ubatizo ni jina zuri, lakini linavyotamkwa sokoni, mtu husikia kinachokosekana. Na ile salamu ya "watoto hawajambo?" huulizwa na mtu mwema asiyekusudia ubaya. Zamani tulikuwa tunajieleza kirefu. Siku hizi tunajibu, "Wa Mungu wote hawajambo," na maongezi yanaendelea. Ubatizo wa watoto wa marafiki tunahudhuria, ila tumejipa ruhusa ya kuondoka mapema.

Mambo magumu zaidi yalikuwa nyumbani Kilimanjaro. Mume ni kitindamimba, na kwa desturi ya Wachaga kihamba cha baba ni chake. Kwa wazee, kihamba kisicho na mrithi ni swali lao pia. Krismasi ya sita baba zake wakubwa na wadogo walimweka kitako migombani, wakamshauri atafute mtoto nje kisha amlete, na mke atazoea. Aliwajibu kwamba vipimo vyake havikutofautiana na vya mkewe. Basi hata akienda nje, nani atamhakikishia mtoto? Atakachoweza kuleta kwa hakika ni hatari ya Ukimwi na magonjwa yale yale yanayoziba mirija. Akaongeza kwamba Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1084, inasema ugumba hauzuii ndoa wala hauibatilishi. Baba mdogo mmoja aliondoka bila kuaga.

Krismasi iliyofuata hatukwenda. Mwaka baada ya huo, Majilio hayajaisha, mama alimtuma mjukuu wake na mkungu wa ndizi na jani la isale. Msomaji wa Kilimanjaro hahitaji maelezo. Kwa wengine tuseme kwamba hilo ni jani la kuombea msamaha, na halikataliwi. Tukaenda. Mama hakutaja mtoto. Alimwomba mkwewe ampime shinikizo la damu.

Wazazi wa waume, tunawaomba jambo moja. Msimwite mkamwana jikoni peke yake kumwuliza. Kama ni lazima kuuliza, waulizeni wote wawili pamoja, mara moja.

DAWA ZA MIFUKONI

Penye uchungu hapakosi wauzaji. Huko vituo vya mabasi tumeuziwa unga wa "kuzibua mirija", wakati picha ilionyesha mirija haikuziba. Muuguzi kati yetu, ambaye kila siku huwakataza wagonjwa, alikunywa chupa mbili za dawa ya majani asiyoijua. Aliharisha siku mbili hadi akatundikiwa maji katika wodi anayofanyia kazi. Anaruhusu jambo hili liandikwe ili mwingine asione haya kulikiri.

Jihadharini pia na "kusafisha kizazi". Kukwangua mji wa mimba si tiba ya ugumba huu. Kunaweza kuacha makovu ndani, na makovu hayo yenyewe yakazuia mimba. Vidonge vya kupevusha mayai navyo, kwa mke ambaye mayai yake yanapevuka tayari, havijaonekana kumwongezea nafasi ya kuzaa.

Kuna wanaotuuliza juu ya kutungisha mimba nje ya mwili. Mtoto wa kwanza wa njia hiyo alizaliwa Uingereza mwaka 1978. Hati ya Kanisa iitwayo Donum Vitae, ya mwaka 1987, haiikubali, lakini inaruhusu tiba zinazolisaidia tendo la ndoa bila kuchukua nafasi yake. Sisi hatukuifuata njia hiyo. Jirani aliyeifuata hatumtengi, na mtoto wake ni mtoto kama wengine.

Tunaishi na binti wa dada yetu, yuko darasa la tano. Watu wengi walitupongeza wakisema atatufungulia tumbo. Hakuna ushahidi wa jambo hilo, na kwa mtoto ni mzigo. Alikuja kwetu kwa sababu shule iko karibu na kwa sababu tunampenda. Anayemchukua mtoto kama dawa, siku dawa isipofanya kazi atamtazamaje?

KUNGOJA AU KUENDELEA?

Umri wa mke ndio unaoamua zaidi. Akiwa chini ya miaka 35, na hamjatafuta kwa zaidi ya miaka miwili, na vipimo ni vizuri, kungoja ni tiba halali, kwani wapo wengi wanaopata mimba bila dawa yoyote. Akiwa na miaka 35 au zaidi msingoje mwaka mzima. Baada ya miezi 6 nendeni mkachunguzwe. Sisi, baada ya hospitali ya pili kutupa jibu la ile ya kwanza, tuliamua kutorudia vipimo vile vile. Fedha tuliyokuwa tukiitumia kwa safari hizo tuliezekea nyumba. Huenda mtoto akaja, huenda asije. Mabati yapo.

Mkienda hospitali mara ya kwanza, nendeni wawili. Mke abebe daftari lenye tarehe za hedhi za miezi sita iliyopita. Andikeni dawa zote mlizotumia, na mitishamba pia, maana daktari hatawagombeza kuliko tumbo litakavyowagombeza. Kama kuna karatasi za upasuaji au matibabu ya zamani, zichukueni. Picha ya eksirei ya mirija hupigwa siku chache baada ya hedhi kwisha, kabla yai halijatoka, kwa hiyo ulizeni siku kabla ya kulipa nauli. Nakala za majibu yote ziwekeni nyumbani, mahali ambapo wote wawili mnapajua.