Jinsi ya Kupaka Mrija Polima Ambayo Damu Haiishtukii

Damu ikigusa plastiki, protini za plazma hujibandika juu yake ndani ya sekunde chache, fibrinojeni ikiwemo. Chembe sahani huzifuata, zinanyoosha mikono, zinashikana, na bonge linaanza kujengeka. Ndiyo maana mgonjwa anayesafishwa damu kwa mashine hupewa heparini.

Mwaka 1977 Robert Zwaal na wenzake wa Uholanzi walionyesha kwamba mafuta ya upande wa nje wa utando wa chembe nyekundu hayachochei damu kuganda, ilhali yale ya upande wa ndani huchochea. Upande wa nje umejaa vichwa vya fosforilikolini. Huko Tokyo, kundi la Nobuo Nakabayashi lilikuwa tayari linajaribu kukibandika kichwa hicho kwenye metakrilati, na mwaka 1990 Kazuhiko Ishihara na wenzake wakachapisha njia ya kuitengeneza molekuli hiyo vizuri. Inaitwa MPC. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi au fundi wa maabara anayetaka kupaka kipande cha mrija na kukipima. Mrija utakaoupata ni wa majaribio ya mezani tu, usije ukauingiza kwa mtu.

Hatua ya 1: Chagua vitu vinavyopatana. MPC tupu ikishakuwa polima huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo damu itaichukua yote. Tumia polima mseto ya MPC na butili metakrilati, kwa uwiano wa moli 30 kwa 70: butili hushikilia plastiki, MPC huikabili damu. Kampuni ya NOF ya Japani huuza polima za aina hii kwa jina la Lipidure, na kwa anayeanza ni afadhali kununua kuliko kupika mwenyewe. Anza na mrija wa polietilini. Silikoni iache kwanza, maana polima haiishiki vizuri bila kuandaliwa kwa plazima ya gesi. Na PVC laini hutoa vilainishi vyake kwenye ethanoli.

Hatua ya 2: Safisha. Sabuni, maji safi, kisha maji yaliyotoneshwa, mwisho ethanoli. Kausha. Usiuguse tena kwa mkono mtupu, alama ya kidole ni mafuta.

Hatua ya 3: Yeyusha gramu 0.5 za polima kwenye mililita 100 za ethanoli. Unga wake hufyonza unyevu wa hewani haraka, basi pima upesi na ufunge chupa. Koroga hadi kimiminika kiwe angavu kabisa. Fanya kazi mbali na moto.

Hatua ya 4: Chovya, inua polepole, ning'iniza wima. Tone hubaki likining'inia ncha ya chini. Likikaukia hapo litaacha ukingo mnene utakaobanduka baadaye. Liguse kwa ncha ya karatasi ya kuchujia, litafyonzwa. Ndani ya mrija, jaza kimiminika, kimwage, kisha pitisha hewa taratibu. Kausha, rudia mara moja, halafu acha usiku kucha ili ethanoli yote iondoke.

Hatua ya 5: Loweka. Hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibikia. Utando ukikauka hewani, butili huelekea nje na vichwa vya fosforilikolini hujificha ndani. Ukidondoshea tone la maji wakati huo, litasimama kama juu ya nta, nawe utadhani upakaji umeshindikana. Haujashindikana. Uweke mrija kwenye bafa ya fosfeti kwa saa kadhaa, au usiku mzima. Vichwa vitageuka na kuvuta maji. Maji hayo ndiyo siri ya polima hii: protini haipati mahali pakavu pa kung'ang'ania, hivyo hufika na kuondoka bila kubadilika umbo. Kutoka hapo mrija usikauke tena hadi ukutane na damu. Pembe ya mguso ipime chini ya maji, kwa kiputo cha hewa.

Hatua ya 6: Hakikisha utando upo. Rodamini 6G hushika polima za MPC. Paka, suuza, tazama kwa hadubini ya fluoresensi. Mabaka meusi ni sehemu zilizokosa utando. Mwenye mashine ya XPS atafute fosforasi, kwa sababu polietilini haina fosforasi.

Hatua ya 7: Leta damu. Pata kibali cha kamati ya maadili, na mtoaji asiwe ametumia aspirini siku 10 zilizopita. Chukua damu kwenye tyubu ya sitreti, ile ya kifuniko cha bluu hafifu, ijae hadi alama: sehemu 9 za damu kwa 1 ya sitreti. Zungusha polepole kwenye sentrifuji, kwa nguvu ya takriban 200 × g, dakika 10 hadi 15, uvune plazma yenye chembe sahani. Usiiweke kwenye friji, baridi huziamsha chembe hizo. Iache iguse mrija kwa saa moja, nyuzi 37.

Kusuuza kunataka subira. Ukiinua kipande kutoka kwenye kimiminika, ukingo wa hewa na maji hukwangua kila kitu, nawe utasifu utando kwa kazi iliyofanywa na mkono wako. Ongeza bafa na kuivuta kwa pipeti huku kipande kimezama. Kisha kaza chembe kwa glutaraldehaidi asilimia 2.5, zitazamwe kwa hadubini ya elektroni.

Weka daima kipande kisichopakwa, kutoka kwenye mrija uleule na damu ya mtu yuleyule. Kama hicho nacho hakina chembe sahani, jaribio zima limekufa: pengine plazma ilichoka, au sitreti ilizidi. Anza upya na damu mbichi. Na kama matokeo ni mazuri, acha vipande vingine kwenye bafa inayotembea kwa wiki kadhaa kabla ya kuvipima tena. Baadaye, mwenye kutaka kuelekea kifaa cha tiba atafuata ISO 10993-4, kiwango kinachohusu vifaa vinavyogusa damu.