Namna ya Kutambua Kama Injini Inachaji Betri

Mvua na ukungu wa Tukuyu humlazimu dereva kutegemea taa, honi na waipa kwa sehemu kubwa ya mwaka. Vyote hivyo vinahitaji betri iliyo hai. Hata hivyo, mmiliki wa chombo anaweza kununua betri mpya, nayo ikafa baada ya siku chache, kwa kuwa hitilafu haikuwa kwenye betri. Ni vyema wakazi wa Kata ya Msasani wenye pikipiki, bajaji na magari wakajua kupima kabla ya kununua.

Umeme unatoka wapi?

Betri ni ghala tu. Umeme huingizwa humo na injini. Katika gari, alteneta huzungushwa na mkanda wa injini. Katika pikipiki, sumaku huzunguka pamoja na injini kando ya koili, na umeme hupitia regyuleta ili usizidi kiwango.

Pikipiki nyingi za kiki huwaka hata betri ikiwa imekufa, na katika baadhi yake taa kubwa huendelea kuangaza. Kinachokosekana ni honi, indiketa na taa ya breki. Dereva hujiona salama, kumbe anayemfuata kwenye miteremko ya barabara ya Tukuyu kwenda Mbeya haoni kwamba amefunga breki.

Hatua za kupima

1. Chombo kikiwa kimezimwa kwa saa kadhaa, mita ya umeme iwekwe kwenye volti za betri (DC). Waya mwekundu uguse ncha chanya, na mweusi uguse ncha hasi. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma takribani 12.6 au zaidi kidogo.

2. Injini iwashwe, kisha mafuta yaongezwe kiasi. Kipimo kikipanda hadi kati ya 13.5 na 14.5, injini inachaji.

3. Taa ziwashwe. Kipimo kikibaki juu ya 13, mfumo unahimili mzigo.

Kipimo kisipopanda, au kikizidi kushuka, injini haichaji. Vikaguliwe kwanza vitu vya gharama ndogo: ncha zilizolegea au zenye ukungu mweupe, fyuzi, waya wa ethi na mkanda. Baada ya hapo fundi apime koili, regyuleta au alteneta. Kipimo kikizidi 15, chaji imepita kiasi. Maji ya betri hukauka na betri huharibika mapema.

Tahadhari

Wapo wanaopima kwa kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inaunguruma. Njia hiyo iepukwe, kwani umeme hupanda ghafla na huweza kuunguza regyuleta na vifaa vingine. Aidha, moto na sigara viwe mbali na betri, kwa sababu hutoa gesi inayolipuka.

Kipimo hiki hufaa pia kwa injini za boti zenye stata ya umeme katika Ziwa Nyasa, ambako betri ikifa mbali na ufukwe hakuna wa kusukuma chombo.

Betri chakavu ina risasi na tindikali. Isitupwe mtoni wala shambani. Ipelekwe kwa wanunuzi wa betri zilizokwisha.