Voliboli ya Ufukweni Kwenye Baridi: Anza na Miguu

Jumamosi ya mwisho wa Oktoba tuliwafunga Wapolandi seti mbili kwa moja pale North Avenue Beach, Chicago, upepo ukitoka ziwani na simu ikisoma nyuzi 45 za Fahrenheit, yaani kama 7 kwa kipimo cha kwetu. Nataka niandike tulivyojiandaa, kwa sababu nikipiga simu nyumbani Mombasa swali ni lile lile: baridi hiyo mnachezaje pekupeku? Jibu ni kwamba hatuchezi pekupeku, na habari yote inaanzia hapo.

Kwanza niwaeleze hao Wapolandi, maana ushindi hauna utamu usipojua aliyeshindwa ni nani. Chicago ina Wapolandi wengi mno, na voliboli wameishika kwa moyo wote. Timu ya taifa lao ya wanaume ilitwaa ubingwa wa dunia wa ukumbini mwaka 2014 na ikautetea 2018. Hawa tunaokutana nao ufukweni ni warefu, wana mikono ya watu wa kazi, na baridi wamezaliwa nayo. Majira ya joto walitufunga walivyotaka. Mwenzangu ni kijana wa Tanga, mwepesi, anayeruka kama hana mifupa, ananiita kaka kwa kuwa nimemzidi umri. Baada ya kufungwa tena mwezi wa nane aliniambia, "Kaka, hawa tutawapata kwenye baridi." Nilimwona anaota. Lakini alikuwa ameona jambo: Wapolandi wanaijua baridi, ndiyo, ila kwa kuizoea kwao hawajishughulishi nayo. Wanavumilia tu. Anayevumilia na aliyejiandaa hawafanani wakifika seti ya tatu.

Wengi wakisikia baridi hukimbilia majaketi. Jaketi ni jambo jepesi, kwa sababu kiwiliwili kinachokimbia hujipasha chenyewe. Miguu haina bahati hiyo. Mchanga ulionyeshewa usiku, wenye maji katikati ya chembe zake, hunyonya joto la mguu kwa kasi kuliko mchanga mkavu, na kila hatua unakanyaga mchanga mwingine ambao haujaonja joto lako. Mwanzo vidole vinauma. Kisha vinaacha kuuma, na hapo ndipo pa kuogopa. Ukitaka kuruka, kidole gumba hakikuletei habari yoyote. Unasukuma ardhi usiyoisikia, unaruka nusu, mpira unakupita juu ya mikono. Ukikanyaga kigae cha chupa husikii kitu, unaona damu tu.

Basi nikaenda duka moja kubwa la vifaa vya michezo, yale ya ukubwa wa ghala. Nikamweleza kijana muuzaji kwa utaratibu: nataka soksi za kuchezea mchangani wakati wa baridi. Akanitolea jozi nyembamba ya kitambaa cha kunyumbuka, akasema hizi ndizo, za baridi na za joto ni kitu kimoja, wachezaji wote wanazinunua. Nikalipa dola thelathini na kitu. Zile soksi zimetengenezwa kukinga nyayo zisiungue na mchanga wa Julai! Kwenye baridi zinalowa, zinabaki zimelowa, na upepo unazipuliza moja kwa moja. Nilipozirudisha, meneja akazikung'uta juu ya kaunta, chembe chache za mchanga zikadondoka, akasema zimeshatumika, hazirudi. Hakuna jambo linaloniudhi kama muuzaji asiyejua anachouza na bado anajibu kwa uhakika. Kule soko la Kongowea, Mombasa, muuza mitumba akikwambia sweta hii ni ya sufu, ataichoma uzi mmoja mbele yako uinuse.

Aliyeniokoa ni mzee mwenye duka dogo la wapiga mbizi. Ziwa Michigan lina mabaki mengi ya meli zilizozama, na kuna watu wanaoyazamia katika maji baridi sana, kwa hiyo maduka haya yanaijua baridi kuliko duka lolote la mipira. Mzee hakuniuliza nina pesa ngapi. Aliuliza: unaruka au unatembea? Unacheza kwa muda gani? Nyayo zako ni pana? Kisha akaniletea soksi za neoprini, ule mpira laini wenye vipovu vidogo vya gesi ndani yake, na vipovu hivyo ndivyo vinavyozuia joto lisitoke. Akanipa za milimita 3. Nilipoziangalia za milimita 5 akatikisa kichwa: hizo zinapasha zaidi, lakini mguu hausikii mchanga, na anayeruka lazima ausikie. Akaniambia nichukue zinazobana kisigino, nisimame kwa vidole, nigeuke haraka. Kisigino kikicheza ndani ya soksi, nirudishe. Kila ninayemjua ninamwelekeza kwake, na alichoniambia ni kweli kwa duka lolote la aina hiyo utakalolipata mjini kwako.

Sasa mbinu yenyewe, na hii sikuuziwa na mtu. Soksi nzuri ikijaa mchanga ni taabu kuliko kucheza pekupeku. Mchanga baridi unashuka hadi chini ya vidole, unakusanyika, unasaga ngozi mpaka inachubuka. Na hauingii kwa chini, kwa sababu chini pameshonwa. Unaingia kwa juu, kwenye kifundo, unapojitupa kuokoa mpira au unapojirushia mchanga mwenyewe ukikimbia. Watu wote niliowaona na soksi ufukweni walivaa namna moja: suruali ya kubana imechomekwa ndani, soksi imevutwa juu yake. Inapendeza machoni. Lakini mdomo wa soksi umebaki wazi kuelekea juu, na kila chembe inayoteremka kwenye suruali inadondokea humo.

Mimi nimekulia chini ya paa la makuti. Fundi anayeezeka huanza chini kwenye upenu, akapanda safu baada ya safu kuelekea kileleni, ili kila kuti la juu lililalie la chini na maji yakiteremka yasipate mlango. Mchanga nao unateremka. Kwa hiyo ninavaa kama anavyoezeka fundi: soksi nyembamba ya sufu kwanza, juu yake soksi ya neoprini, halafu mguu wa suruali unashuka juu ya soksi mpaka chini kabisa ya kifundo. Mwisho ninazungusha tepu ya kunyumbuka, ile ya kufungia vifundo, nusu yake ikiwa juu ya suruali na nusu juu ya soksi, ili ukijitupa mchanga usipate pa kupenya kwa chini. Tepu funga nyumbani au ndani ya gari, kungali pakavu. Ikishika ubaridi na unyevu gundi yake haishiki kitu. Na isikaze. Kidole kimoja kipite chini yake bila shida, kwa sababu tepu inayokaba inazuia damu, na mguu usiofikiwa na damu utaganda hata uuvishe nini. Kiunoni ni kanuni ile ile: fulana ya ndani inachomekwa, ya nje inaning'inia juu ya suruali. Mwenzangu wa Tanga alipoona mara ya kwanza alisema nimefungwa kama mgonjwa. Juma lililofuata alikuja na tepu yake mwenyewe.

Nirudi kwenye mchezo. Seti ya kwanza walichukua wao, 21 kwa 17. Ya pili tukaichukua sisi, na hapo nikaanza kuona miguu yao. Walikuwa pekupeku wote wawili. Wakati wa kupumzika walisimama kwa mguu mmoja, mwingine wakiusugua kwenye shavu la mguu. Sisi tulikuwa tumesimama juu ya kipande cha zulia kuukuu nilichokuja nacho, na hilo nalo lifanye: usisimame juu ya mchanga muda usiocheza. Seti ya tatu huenda hadi 15, na mnabadilishana pande kila pointi 5. Upepo ulikuwa mkali, na upande mzuri kwenye upepo ni ule unaoutazama, kwa kuwa mpira unaoupiga kwa nguvu unasukumwa chini badala ya kubebwa nje. Tulipopata upande huo tukaanzisha mipira mifupi makusudi, karibu na wavu, ili wakimbie mbele. Hawakufika. Walijua mpira unakwenda wapi, macho yaliona, mwili wa juu ukaanza safari, miguu ikachelewa. Tulimaliza 15 kwa 10. Wakati wa kupeana mikono mmoja wao, mwenye ndevu, alichuchumaa kabisa akaigusa tepu kwenye kifundo changu kwa kidole, akaifuata mzunguko mzima, halafu akamwita mwenzake aje aone.

Mpira nao una habari yake. Mpira wa ufukweni hujazwa upepo kidogo kuliko wa ukumbini. Kanuni inataka kati ya kilo 0.175 na 0.225 kwa sentimita moja ya mraba. Ukiujaza sebuleni kwenye nyuzi 22 ukapata 0.20, ukautoa nje kwenye nyuzi 5, hewa ya ndani inasinyaa na presha inashuka hadi kama 0.13. Umepoteza theluthi bila tundu lolote, na mpira unakuwa mzito mkononi na mvivu hewani. Nimeshasikia watu wakilaumu kiwanda kwa jambo hili. Kiwanda hakina kosa. Beba pampu na kipima presha, jazia pale pale uwanjani mpira ukishapoa, na ukirudi nyumbani toa kidogo usije ukavimba kwenye joto. Mimi ninapenda mpira wa Mikasa kwa mguso wake, mwenzangu anaapia wa Wilson, na ugomvi huo hautaisha leo, lakini presha ni ile ile kwa wote.

Nguo za mwili nizipitie haraka. Pamba usiiguse: ikinywa jasho inakaa nalo kifuani. Vaa sufu nyembamba au poliesta, juu yake kikoti chepesi cha kuzuia upepo, na kofia inayofunika masikio. Kikoti kivue kabla jasho halijaanza, kirudishe mara tu mchezo unaposimama. Pasha mwili kwa muda mrefu kuliko ulivyozoea, kwa kukimbia na kuruka kidogo kidogo, kabla ya smashi ya kwanza. Msuli wa baridi hauna huruma na mshipa wa kisigino. Sufu tafuta mitumba. Hapa Chicago yapo maduka ya nguo kuukuu, na sweta ya sufu iliyofuliwa mara nyingi ni laini kuliko mpya.

Mikono inahitaji akili kidogo. Glavu zinaharibu pasi ya vidole. Mpira unashika, mwamuzi anapuliza. Ninafunga kiunoni mfuko wazi pande mbili, ndani yake vipakiti vya unga wa chuma vinavyopata moto vikikutana na hewa. Kati ya pointi na pointi mikono inaingia humo. Mchezo ukiisha, vipakiti bado vina moto, vitie kwenye mfuko wa plastiki wa kufunga kwa zipu, kamua hewa yote ufunge. Bila hewa chuma kinaacha kuungua, na kesho utavitumia tena.

Kuna wanaoniambia voliboli ya ufukweni si ya nguo ndefu. Wamekosea sana. Mwaka 2012 shirikisho la kimataifa liliruhusu wanawake kuvaa kaptura na blauzi za mikono, na kwenye Olimpiki ya London mwaka huo huo, usiku wa baridi pale Horse Guards Parade, Wamarekani Misty May-Treanor na Kerri Walsh Jennings walicheza na mikono mirefu, wakaondoka na dhahabu yao ya tatu mfululizo. Kwenye Olimpiki ya Rio 2016 Doaa Elghobashy wa Misri alicheza na hijabu, mikono na miguu imefunikwa. Nawaambia wapwa zangu wa Mombasa jambo hili kila mara, kwa sababu kuna wasichana wazuri wa voliboli wanaoacha mchezo wakidhani hauna nafasi kwa mavazi yao. Nafasi ipo.

Mwisho, kalenda. Nyuzi 7 za Oktoba na nyuzi 7 za Aprili si sawa kandokando ya ziwa. Oktoba maji bado yana joto la majira yaliyopita, na upepo unaopita juu yake hauumi sana. Aprili ziwa limetoka kwenye majira ya baridi, na siku ambayo mitaa ya ndani ina jua zuri, ufukweni upepo ule ule unakuja na barafu mdomoni. Aprili ongeza nguo moja kuliko simu inavyokwambia.

Kwa hiyo wewe wa Chicago, au Minneapolis, au Toronto, usifungie mpira kabatini Septemba kwa sababu walinzi wa ufukweni wameondoka. Kanunue soksi za wapiga mbizi za milimita 3, ushushe suruali juu yake, ufunge tepu kungali pakavu. Kiwanja Oktoba kiko wazi, hakuna foleni.