Parokia Zikiunganishwa, Jina Lipatikane Vipi?

Muulize Mkatoliki wa Dar es Salaam anasali wapi, atakujibu Msimbazi, Chang'ombe au Manzese. Jina la mtakatifu lipo kwenye muhuri wa paroko na kwenye bango la getini, lakini mdomoni mwa watu parokia ni mtaa. Marekani mambo ni kinyume. Chicago au Pittsburgh mtu ni wa St. Stanislaus, wa St. Patrick au wa St. Boniface, na jina lenyewe linakwambia babu yake alitoka Poland, Ireland au Ujerumani. Wahamiaji wa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 walijenga kila taifa na kanisa lake, pengine makanisa mawili mtaa mmoja. Leo wajukuu wamehamia nje ya mji, mapadre wamepungua, mapaa yanavuja, na maaskofu wanaunganisha. Jimbo Kuu la Chicago lilianza mpango wake mwaka 2016. Pittsburgh mwaka 2018 ilizipanga parokia zake 188 katika makundi 57. Mwaka 2022 Cincinnati nayo ilizikusanya parokia zaidi ya 200 katika makundi yasiyofika 60.

Katika parokia hizo wamo Waswahili: Wakongo waliopitia kambini Nyarugusu, Warundi, Watanzania, Wakenya. Wamo pia mapadre wetu waliotumwa huko kusaidia, na baadhi yao ndio maparoko wenyewe. Nyumbani tumezoea kuona kigango kikikua mpaka kinakuwa parokia, kwa hiyo kazi ya kuzifanya parokia tatu kuwa moja ni ngeni kwetu. Haya ni kwa yeyote aliyeitwa kwenye kamati ya jina na hajui aanzie wapi.

Anza kwa kuuliza hati ya askofu itasemaje. Kuna njia mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza, parokia zote zinafutwa na mpya inaundwa. Hapo jina jipya linahitajika. Ya pili, parokia moja inabaki na nyingine zinaingizwa ndani yake. Hapo kwa kawaida jina la ile iliyobaki ndilo linaloendelea, na kamati ya jina ni kupoteza muda wa watu. Mwenye mamlaka ya kuunda, kufuta au kubadili parokia ni askofu peke yake, baada ya kusikiliza baraza la mapadre. Ndivyo isemavyo Kanuni ya 515 ya Sheria za Kanisa. Kwa hiyo kamati inapendekeza tu. Waambieni waamini hivyo siku ya kwanza, kwa maneno mepesi, kabla hawajashika kalamu. Anayeambiwa mwishoni kwamba kura yake ilikuwa ushauri ataona amechezewa.

Jambo la pili ndilo zito kuliko yote, na likieleweka ugomvi hupungua nusu: jina la parokia si jina la kanisa. Kanisa, yaani jengo, likishatabarukiwa kwa heshima ya mtakatifu fulani, Kanuni ya 1218 inakataza kulibadilisha jina. Idara ya Ibada ya Vatikani ilifafanua suala hili mwaka 1999: parokia kadhaa zikiunganishwa kuwa moja, parokia mpya inaweza kupewa jina jingine kabisa, lakini kila kanisa linabaki na jina lake. Tazameni Detroit. Parokia za St. Cecilia na St. Leo ziliunganishwa zikawa Parokia ya Mtakatifu Karoli Lwanga, shahidi wetu wa Uganda. Ibada zimekuwa katika kanisa la St. Cecilia. Parokia ni ya Lwanga, na paa linalowafunika ni la Sesilia. Hakuna mtakatifu aliyefukuzwa.

Mzee wa Kipolandi anayesema "mnatunyang'anya Stanislaus wetu" anastahili kujibiwa hivyo, tena mapema. Mwambieni kwamba maadamu kanisa lile liko wazi, litaendelea kuitwa vile vile, na sikukuu ya somo wake itasherehekewa humo. Likija kufungwa ni habari nyingine, yenye utaratibu wake, na kamati ya jina isikubali kubebeshwa mzigo huo.

Sasa majina yenyewe. Orodha iliyo wazi ni pana: Utatu Mtakatifu, Kristo kwa fumbo la maisha yake au kwa jina ambalo liturujia inalijua, Roho Mtakatifu, Bikira Maria kwa sifa iliyokwisha kupokewa katika liturujia, malaika, na watakatifu walioandikwa katika Martirolojia ya Kirumi. Kanuni hizi zimetungwa kwa ajili ya makanisa, ila ukizifuata kwa parokia pia hutarudishiwa barua.

Wenyeheri ni suala jingine. Nje ya mahali ambapo sikukuu yao imo kwenye kalenda, kibali cha Kiti Kitakatifu kinahitajika. New Haven, Connecticut, ipo parokia ya Mwenyeheri Michael McGivney, lakini huyo alianzisha chama cha Knights of Columbus katika mji huo huo mwaka 1882. Kwa Mkongo aliyeko Ohio hapa panauma, maana moyoni ana Anuarite, aliyetangazwa mwenyeheri mwaka 1985, au Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma aliyeuawa kwa kukataa rushwa akatangazwa mwaka 2025. Usimkatishe tamaa anayewapendekeza. Piga simu jimboni uulize kwanza, kisha mpe jibu. Augustus Tolton wa Chicago, padre aliyezaliwa utumwani, fadhila zake zimeidhinishwa na Roma tangu 2019 lakini hajafika hata uenyeheri. Mwalimu Nyerere naye ni Mtumishi wa Mungu. Hapo hakuna cha kuuliza.

Mtu atasimama na kusema tuyafunge majina yote kwa kistariko: St. Patrick-St. Casimir-St. Anne. Kila aliyemo ameridhika na hakuna jina lililopatikana. Kwa makanisa, Roma inataka jina moja, isipokuwa watakatifu wanaoadhimishwa pamoja kwenye kalenda, kama Petro na Paulo, Yoakimu na Anna, au Martha, Maria na Lazaro ambao tangu 2021 wana siku moja, 29 Julai. Mwingine atataka "Umoja" au "Mwanzo Mpya". Jina la Umoja hupendekezwa na watu ambao bado hawajaungana, na waamini wanalijua hilo.

Kabla ya kupokea jina hata moja, kubalianeni vigezo na mviandike. Mimi ningeweka kimoja juu ya vyote: jina lisiwe la parokia yoyote kati ya zile za zamani, ila pale ambapo zote, kila moja kwa hiari yake, zimeliomba. Cha pili, liwe na habari ya kusimulia. Maria Mama wa Kanisa, ambaye kumbukumbu yake iliingizwa kwenye kalenda ya Kanisa lote mwaka 2018, ni jina jema na halimuudhi mtu. Lakini kama yupo mtakatifu mwenye maisha ambayo katekista anaweza kuwasimulia watoto nao wakatulia, mimi naegemea huko. Karibu na Pittsburgh walimchagua Mtakatifu Oscar Romero, aliyetangazwa 2018. Huyo hakuwa wa Waairishi wala wa Waitaliano, kwa hiyo hapakuwa na wa kujivuna wala wa kununa.

Karatasi ya mapendekezo iwe ndogo, nusu ukurasa, ikae kwenye mabenchi Jumapili mbili au tatu. Iwe na mistari mitatu. Wa kwanza: jina. Wa pili: sikukuu yake ni lini. Wa tatu: anatuhusu nini sisi sote. Mstari wa tatu ndio chujio. "Kwa sababu nampenda" haitoshi, na "ndiye somo wa marehemu mama" inagusa moyo lakini inamhusu mtu mmoja. Chini kabisa weka visanduku vya kutia alama parokia anayotoka mwandishi, bila jina lake. Itafsirini karatasi kwa kila lugha ambayo Misa inasomwa kwayo. Tangazo la Kiingereza peke yake limewaacha Wakongo wengi nje ya mambo yanayowahusu, halafu wenzao wakadhani hawajali.

Kisha msipige kura ya wingi. Tuseme parokia moja ina familia 900, ya pili 250, ya tatu 80. Kwa wingi, wale 900 wamekwisha kushinda kabla ya kuhesabu, na wale 80 wataanza parokia mpya wakiwa wapangaji. Hesabuni kila parokia peke yake. Jina ambalo limeingia matano bora ya parokia zote tatu lipite, hata kama hakuna parokia iliyoliweka la kwanza. Pelekeni kwa askofu majina matatu, kila moja na aya moja ya sababu, bila kuyapanga kwa nafasi.

Kabla ya kuyatuma, yapitisheni kwenye maswali ya kawaida ya maisha. Tazameni ramani ya jimbo: kama jirani kuna St. Joseph wawili, msiongeze wa tatu, barua za benki zitapotea. Litamkeni kama katibu anayepokea simu. Jina refu litakatwa mkitaka msitake. Our Lady of Perpetual Help, Wamarekani wenyewe huiita OLPH, kwa hiyo someni herufi za mwanzo kwa sauti kabla vijana hawajawasomea. Bibi wa miaka 80 aliyezaliwa Chicago aweze kulisema, na mama aliyefika mwaka jana kutoka Uvira aweze pia.

Angalieni na kalenda. Mtakatifu Patrick, 17 Machi, yuko ndani ya Kwaresima kila mwaka. Josefina Bakhita, ambaye nampenda sana, ni 8 Februari, na Februari ya Ohio si ya maandamano wala ya kuchoma nyama nje. Lwanga na wenzake, 3 Juni, wanakuja wakati wa jua. Mtu anaweza kusema haya ni mambo madogo. Lakini sikukuu ya somo ndiyo siku pekee kwa mwaka ambapo watu wa Misa ya saa mbili na wa Misa ya saa tano hula pamoja.

Kuhusu Waswahili wenyewe nina neno. Mmeingia katika makanisa ambayo wengine waliyajenga kwa senti za viwandani. Kikao cha kwanza kaeni msikilize: nani alijenga nini, kengele ilitoka wapi, dirisha lile lilinunuliwa na nani. Kikao cha pili semeni. Kukaa kimya kwa adabu mpaka mwisho, halafu kulalamika kwenye WhatsApp ya jumuiya, hakumsaidii mtu. Upande wa kusini wa Chicago, parokia za Wakatoliki weusi, St. Elizabeth ikiwamo, ziliunganishwa mwaka 2021 zikawa Our Lady of Africa. Jina hilo lina basilika Algiers tangu karne ya 19, na lina sikukuu tarehe 30 Aprili; linahusishwa na Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Wamisionari wa Afrika waliofika Tabora na Uganda. Mtanzania anayelipendekeza jina la namna hiyo analeta hazina ya Kanisa zima, na aeleze hivyo.

Muda nao muuchunge. Msianze na jina. Malizeni kwanza ratiba ya Misa na ofisi itakuwa wapi, kwa sababu aliyeondolewa Misa yake ya saa mbili atamalizia hasira kwenye karatasi ya jina. Lakini msivute mpaka mwaka wa pili pia, maana parokia isiyo na jina huitwa kwa jina la kanisa kubwa, na likishazoeleka halitoki.

Jina likishatangazwa, kazi ya ofisi inaanza: akaunti, bango, muhuri, bima, na wosia wa marehemu walioiachia mali parokia ambayo haipo tena. Kanuni ya 121 inataka nia ya watoa sadaka iheshimiwe, kwa hiyo fedha iliyotolewa kwa ajili ya kengele ya kanisa fulani isiingizwe kwenye mfuko wa wote. Vitabu vya ubatizo vya zamani vifungwe kwa tarehe, vihifadhiwe mahali pamoja, na vipya vifunguliwe kwa jina jipya. Na kwenye barua zote za parokia, chini ya jina jipya, kwa maandishi madogo, yaandikwe majina ya parokia zote zilizounganishwa na mwaka wa hati. Mtoto aliyebatizwa huko mwaka 2015 anaweza kutaka kufunga ndoa Kigoma, na paroko wa Kigoma ataandika kuomba cheti kutoka parokia ambayo haimo tena kwenye orodha ya jimbo lolote. Mstari huo mmoja ndio utakaompa jibu.