SOMO LETU: KUMKUMBUKA BABA ALIYEUGUA POLEPOLE



Somo la mara hii linahusu wazee wetu wanaopatwa na ugonjwa wa Parkinson. Ugonjwa huu unamchukua mtu kidogo kidogo kwa miaka mingi. Akishafariki, mara nyingi familia inabaki kukumbuka kitanda na unyonge, na kusahau miaka 40 aliyowatumikia. Baba yetu alikuwa mmoja wao. Alianza kuugua 2008, akafariki 2019. Nawaletea tuliyojifunza, ili familia nyingine isihangaike kama sisi.

BABA TULIYEMJUA

Baba alikuwa seremala. Alilea watoto 6 kwa randa na msumeno. Shule zikifunguliwa, alitangulia yeye kwa mwalimu mkuu kuomba alipe karo polepole, na mara nyingine alilipa kwa kutengeneza madawati. Jioni kila mtoto alimsomea ukurasa mmoja kwa sauti kwenye taa ya mafuta, ijapokuwa yeye mwenyewe aliishia darasa la 7. Mama alipolazwa hospitali mwaka wa 1994, baba alitupikia na kutufulia. Wanaume wenzake walimcheka. Akaendelea kufua.

Katika kikundi alikuwa mweka hazina. Kitabu chake cha hesabu kiko mpaka leo. Kurasa za 2006 zina maandishi makubwa na safi. Ukifika 2009 herufi zimekuwa ndogo, zimebanana, na mwisho wa mstari hazisomeki. Watu walisema anahitaji miwani. Baadaye daktari alitueleza kwamba maandishi kupungua ni dalili mojawapo ya ugonjwa huu.

Alipoanza kuyumba njiani, wengine walisema eti ni pombe, na baba hakuwahi kuonja pombe. Wengine wakasema amerogwa. Jamaa walichanga mbuzi 2 apelekwe kwa mganga. Mbuzi walienda, kutetemeka kukabaki.

UGONJWA HUU NI NINI?

Ndani ya ubongo kuna seli zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini. Hiyo ndiyo inasaidia ubongo kuuongoza mwili utembee sawasawa. Kwa mgonjwa wa Parkinson seli hizo hufa polepole. Dalili zikianza kuonekana, nyingi tayari zimekwisha kufa. Jina limetokana na daktari Mwingereza, James Parkinson, aliyeueleza ugonjwa huu mwaka wa 1817. Bondia Muhammad Ali aligunduliwa kuwa nao mwaka wa 1984, akaishi mpaka 2016. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 duniani walikuwa nao. Kwa hivyo sio laana ya boma moja.

Dalili za kuangalia ni hizi:

1. Mkono au mguu kutetemeka ukiwa umetulia. Lakini wagonjwa wengine hawatetemeki kabisa.
2. Mwendo kuwa mzito, hatua fupi, na mwili kukakamaa.
3. Sauti kufifia na maandishi kuwa madogo.
4. Uso kukauka, hauonyeshi furaha wala hasira. Wajukuu walidhani babu amewakasirikia. Ni misuli tu. Upendo ulikuwa palepale.
5. Kufunga choo na kutosikia harufu. Haya yanaweza kuanza miaka mingi kabla ya mengine.

Ugonjwa huu hauambukizi. Kufikia sasa hauna dawa ya kuuponya, lakini ziko dawa za kupunguza dalili. Inayotumika sana ni levodopa pamoja na kabidopa. Dawa hii inywewe kwa saa zilezile kila siku, na isikatizwe ghafla bila daktari, kwa maana ni hatari. Nyama, maharagwe, mayai na maziwa vinaweza kuipunguzia nguvu. Sisi tuliambiwa ampe mama nusu saa kabla ya chakula, na tofauti ilionekana.

Wale wanaopanda mukuna shambani kama mbolea ya majani, ambayo ni jamaa ya upupu, wajue kwamba mbegu zake kweli zina levodopa. Lakini mbegu haikuambii ina dawa kiasi gani. Usimpe mgonjwa bila kumwuliza daktari, hasa kama tayari anatumia vidonge.

MAMBO YALIYOTUSAIDIA NYUMBANI

Baba alikuwa akifika mlangoni miguu inagandamana na ardhi. Tulichora mistari ya chokaa sakafuni, akawa anavuka mstari mmoja mmoja huku tukihesabu pamoja. Ilisaidia. Kiti chenye mikono kilimwezesha kuinuka. Chooni tuliweka vishikio vya mbao. Baba alieleza vipimo kwa sauti ndogo, kaka yangu akapiga misumari. Hata wakati huo alikuwa bado anatufundisha kazi.

Chakula kinataka uangalifu. Mgonjwa ale ameketi wima, kidogo kidogo, bila kuharakishwa. Chakula au maji yakipita njia ya pumzi huleta nimonia, na nimonia inaua wengi wa wagonjwa hawa. Ndiyo iliyomchukua baba.

Na mama je? Kwa miaka ile yote alikuwa akiamka usiku mara 3 au 4 kumgeuza. Kikundi kiliona kwamba tutapoteza watu wawili. Wakapanga zamu: kila Alhamisi wanachama 2 walikaa na baba, mama akaenda sokoni au akalala tu. Hawakuchanga pesa nyingi. Walitoa saa zao, na kwetu hizo zilikuwa msaada mkubwa kuliko wote.

ANZENI KUMKUMBUKA AKIWA HAI

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Sauti inafifia kabla ya mtu kufa. Kwa wengine hata akili huanza kuchanganyikiwa miaka ya mwisho. Kwa hivyo msingoje matanga ndipo muulizane mzee alikuwa nani.

Mwaka wa 2012 dada yangu alinunua daftari. Kila Jumapili alimwuliza baba jambo moja na kuandika: majina ya babu zake, mipaka ya shamba, nani anamdai na nani anadaiwa, mti gani unafaa kwa mlango na upi kwa kitanda. Baba alifurahi. Aliona bado anahitajika.

Mambo ya mali pia yaandikwe mapema, akili ikiwa timamu. Kwa sheria ya urithi ya Kenya, wasia wa mdomo mbele ya mashahidi 2 una nguvu tu ikiwa mtu amefariki ndani ya miezi 3 baada ya kuutamka. Kwa ugonjwa wa miaka 10, maneno hayo hayatoshi. Wasia wa maandishi ni bora, na asiyeweza kutia sahihi anaweza kuweka alama yake mbele ya mashahidi wasiopungua 2. Tafuteni ushauri wa mwanasheria au msaidizi wa kisheria.

Siku ya mazishi hatukusoma majina ya hospitali alizolazwa. Tulisoma daftari. Vijana waliomjua akiwa kitandani tu walisikia kwa mara ya kwanza kwamba madawati waliyokalia shuleni yalitoka mikononi mwake.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Je, kuna mzee kijijini kwetu anayeitwa mlevi au aliyerogwa, na huenda ni mgonjwa? Nani atamsindikiza hospitalini, na lini?
2. Kikundi chetu kinaweza kupumzisha mlezi gani, siku gani?
3. Ni wazee gani ambao sauti zao bado zipo, na hakuna aliyeandika habari zao?
4. Mambo ya shamba na madeni nyumbani kwako yameandikwa, au yako kichwani mwa mtu mmoja?

KAZI YA KUFANYA: Kabla ya mkutano ujao, kila mwanachama aje na daftari lenye ukurasa mmoja juu ya baba, mama au mzee aliye hai. Amwulize mwenyewe, aandike kwa maneno yake, na siku ya mkutano amsomee hadharani kama anaweza kufika.